Mama Kasuku na Dawati la Maulizo

Mama Kasuku alikuwa mfuaji nguo. Alifua nguo za majirani, mashuka ya nyumba ya wageni, na mapazia ya maktaba ya mji. Mume wake alikuwa fundi betri. Mtaani walimwita Fundi, basi, kana kwamba mtaa mzima haukuwa na fundi mwingine.

Walikuwa na mtoto mmoja. Jina lake la kweli hata shangazi zake walikuwa wamelisahau. Aliitwa Kasuku kwa sababu alianza kusema mapema na hakunyamaza tena. Alisema akila, alisema akioga, alisema hata usingizini. Mtu akimsalimia, alijibu, kisha akamuuliza anakwenda wapi, anakwenda kufanya nini, na kwa nini viatu vyake vimechoka.

"Mtoto huyu atakuwa wakili," Fundi alisema.

"Au dalali," mama alijibu. "Atauza nyumba yetu sisi tukiwa ndani."

Uwanja wao ulikuwa mdogo. Upande mmoja palikuwa na kamba za kuanikia nguo. Upande wa pili Fundi alifanya kazi yake. Alinunua betri za magari zilizokufa. Alizipasua kwa shoka na kumwaga maji yake makali mtaroni. Ndani alitoa vipande vizito vya kijivu. Hayo ni madini ya risasi. Aliyayeyusha kwenye karai juu ya moto wa mkaa, akayamimina kwenye makopo, na yalipoganda akayauza kwa kilo.

Moshi ulipita katikati ya nguo zilizoanikwa, ukaingia jikoni. Kasuku alicheza palepale, kwenye vumbi, akimuuliza baba yake maswali. Hakuna aliyeona ubaya. Baba wa Fundi naye alifanya kazi hiyohiyo, na Fundi mwenyewe alikulia kwenye vumbi kama hilo.

Kisha Kasuku akaanza kulia tumbo. Lilimkaza, likamwachia, likamkaza tena. Hakupata choo vizuri. Alikataa chakula. Uso wake ukapauka. Akawa na hasira ndogondogo, akirusha kikombe, akimpiga mama yake mapajani.

"Ni minyoo hiyo," jirani mmoja alisema.

"Ni minyoo," jirani mwingine aliunga mkono. Jambo likisemwa na majirani wawili, mtaani kwetu huwa limekwisha thibitishwa.

Baadaye maneno yakaanza kupungua. Kwanza Kasuku aliacha maswali. Halafu akaacha kuita watu. Akitaka maji alinyoosha kidole.

"Anakua," Fundi alisema. "Wanaume hatusemi ovyo."

Mama Kasuku alirudi kwenye beseni lake. Alikuwa anaogopa, na alipoogopa alifua kwa nguvu mpaka nguo za watu zikachanika.

Siku moja alipeleka mapazia maktaba. Miaka yote alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma, anaacha mzigo stoo, anaondoka. Siku hiyo alipita hadi ndani. Aliona meza kubwa yenye kibao kilichoandikwa MAULIZO. Nyuma ya meza aliketi mkutubi, yaani mfanyakazi wa maktaba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mbele yake wanafunzi walikuwa wamepanga foleni. Pembeni mzee mmoja alikuwa anagombana na mashine ya kuchapa karatasi.

Sasa msomaji wangu, usimcheke Mama Kasuku kwa jambo hili, maana wengi wetu tungefanya hivyohivyo. Alidhani mtu huenda maktaba akiwa anajua anachotaka. Alidhani lazima ujue jina la kitabu. Aliona aibu kusema, "Mwanangu anaumwa na sijui ana nini." Kwa hiyo aliuliza kidogo, kitu ambacho hakingemtia aibu.

"Samahani dada, kuna kitabu cha minyoo?"

Mkutubi alikuwa anamwonyesha mwanafunzi kitu kwenye kompyuta. Alinyoosha mkono.

"Afya. Rafu ile ya karibu na dirisha."

Basi. Mama Kasuku alikiona kitabu, akakisoma taratibu, kidole chini ya mstari. Kilikuwa kitabu kizuri. Kila kilichosemwa humo kuhusu minyoo kilikuwa kweli. Alinunua dawa ya minyoo, akampa mtoto, akasubiri.

Kasuku hakupona. Alianza kuyumba akitembea.

Hapo shemeji, mdogo wake Fundi, akaleta msaada wake. Alikuwa mtu wa kupokea ujumbe kwenye simu na kuusambaza kabla hajamaliza kuusikiliza. Safari hii alikuwa na sauti ya mtu aliyejiita daktari mkubwa. Sauti ilisema mtoto akinyamaza ghafla anyweshwe maji ya majivu kabla ya kula.

"Daktari gani huyo?" Mama Kasuku aliuliza.

"Mkubwa. Si umesikia mwenyewe?"

Mama alimnywesha Kasuku. Sitamlaumu, maana mtu anayezama hushika chochote. Kasuku alitapika mchana kutwa. Jioni akapata degedege. Macho yaligeuka, mikono ikakakamaa, povu likamtoka mdomoni. Mama yake alimbeba mbiombio hadi zahanati, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu.

Muuguzi alituliza degedege. Alipima malaria, hakuna. Alitoa dawa ya homa na kusema mtoto arudishwe hali ikibadilika. Zahanati ilikuwa imejaa watu mpaka nje. Muuguzi hakuuliza mengi, na mama hakusema mengi.

Mapazia mengine ya maktaba yalikauka, na Mama Kasuku akayarudisha akiwa na mtoto mgongoni. Alitaka kuacha mzigo na kuondoka. Lakini mkutubi alimwona, akainuka.

"Mama, samahani. Kile kitabu cha minyoo kilikusaidia?"

"Kilisaidia," alisema.

Mkutubi alimtazama. Alimtazama na mtoto, shingo imelala, macho hayafuati kitu.

"Kweli?"

Mama Kasuku akaangua kilio mbele ya watu wote. Wanafunzi waliinua vichwa. Hakuna aliyemwambia anyamaze, ingawa ukutani palikuwa na tangazo la kuomba ukimya.

Mkutubi alimwita mwenzake akae mezani. Alimpeleka mama kwenye chumba kidogo chenye meza, kompyuta na viti, akafunga mlango.

"Siku ile nilikuonyesha rafu. Sikukusikiliza," alisema. "Hilo ni kosa langu. Kazi ya dawati lile ni kuuliza mtu anahitaji nini hasa, halafu kumtafutia. Leo niambie toka mwanzo. Usijali kama ni upuuzi."

"Mimi sijui hata nikuulize kitu gani."

"Ndiyo maana nipo. Si lazima ujue swali."

Mama Kasuku alieleza. Tumbo. Choo. Kupauka. Maneno kupotea. Kuyumba. Majivu. Degedege. Mkutubi hakumkatiza. Aliuliza kidogokidogo: Ilianza lini? Anacheza wapi? Anakula udongo? Kuna mtoto mwingine mtaani ana hali hii?

"Na hapo nyumbani mnafanya kazi gani?"

"Mimi nafua. Mzee wangu ni fundi betri."

"Anazichaji?"

"Anazipasua. Anayeyusha risasi, palepale uwanjani."

Mkutubi aliacha kuandika.

"Sikiliza mama. Mimi si daktari. Siwezi kukwambia mtoto ana nini, na nikikwambia nitakuwa nakudanganya kama yule wa kwenye simu. Ninachoweza ni kutafuta wanaojua wamesema nini. Sogea tuangalie pamoja."

Aliandika maneno kwenye kompyuta. Zikaja kurasa nyingi. Mama Kasuku aliona mkutubi akizipita kwa haraka.

"Hii mbona umeiacha? Imesema inaponya."

"Angalia chini. Anauza nini?"

"Dawa ya unga."

"Basi huyo anataka mteja. Na hii nyingine haina jina la mwandishi wala mwaka. Hujui kasema nani, hujui kajuaje. Ungempa mtoto chakula alichokuletea mtu usiyemjua barabarani?"

"Nimempa majivu," Mama Kasuku alisema kwa sauti ndogo.

Mkutubi alimshika mkono, akaendelea kutafuta. Alifungua ukurasa wa shirika la afya, wenye majina ya madaktari walioandika, na tarehe ya karibuni. Akafungua na mwingine wa chuo kikuu, kuona kama wanakubaliana. Walikubaliana. Moshi na vumbi la madini ya risasi ni sumu. Watoto wadogo huumia zaidi. Huingia mwilini mwao kwa kupumua, na kwa mikono michafu kwenda mdomoni. Huleta maumivu ya tumbo, kukosa choo, kupauka, hasira, kupoteza maneno, degedege. Inaweza kuua. Wanaoyeyusha betri nyumbani walitajwa waziwazi.

Mama Kasuku alisoma mwenyewe, kidole kwenye kioo. Alipofika kwenye betri alikiondoa kama aliyeungua.

"Inajulikanaje kama ndiyo hii?"

"Hapa wanasema kuna kipimo cha damu. Ngoja nijue kinapatikana wapi."

Mkutubi alipiga simu. Zahanati hawakuwa nacho. Alipiga kwingine, akasubiri, akaelekezwa tena. Mwishowe hospitali kuu walisema wanacho, na mtoto aletwe mapema. Alichapa kurasa zile, akaandika juu yake jina la kitengo na mlango wa kuingilia.

"Mpe daktari hii. Na mwambie kazi ya baba kabla hujasema kitu kingine. Hii hapa namba ya maktaba. Ukikwama tuma ujumbe, uliza chochote. Hulipi kitu."

Jioni ile Fundi alizisoma karatasi akiwa amesimama. Mikono yake ilikuwa bado na masizi.

"Maktaba? Tangu lini wewe mwanafunzi?"

"Soma, baba Kasuku."

Alisoma, kisha akazitupa kitandani.

"Unataka kusema mimi ndiye ninayemuua mwanangu?"

"Sikusema hivyo. Nasema apimwe damu."

"Baba yangu aliyeyusha risasi maisha yake yote!"

"Na mwishoni hakuweza kushika kikombe. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

"Ule ulikuwa uzee."

"Uzee gani? Alikuwa hajaota hata mvi."

Fundi alitoka nje, akapiga teke kopo. Asubuhi Mama Kasuku alimbeba mtoto kwenda hospitali kuu peke yake. Alipogeuka njiani aliona moshi juu ya paa lao. Fundi alikuwa amewasha karai. Uchungu alioupata hapo haukuwa wa kulia, ulikuwa wa kukaza meno na kutembea.

Daktari alizisoma karatasi zote. Hakuzidharau.

"Zahanati walikuuliza mzee wako anafanya kazi gani?"

"Hapana."

"Na wewe hukuwaambia."

"Sikujua kama inahusu ugonjwa."

"Inahusu, mama. Sisi tunapaswa kuuliza, na ninyi msituache tubahatishe."

Damu ilipimwa. Majibu yalipotoka, daktari alimpigia simu Fundi mwenyewe na kumtaka aje. Fundi alikuja na nguo za kazi. Muuguzi alimzuia mlangoni mwa wodi, akamtaka avue koti na anawe kwanza. Alinawa kwa muda mrefu.

"Risasi kwenye damu ya mtoto imezidi sana," daktari alisema. "Tungechelewa kidogo, tungempoteza. Tutampa dawa ya kuitoa mwilini. Lakini akirudi kwenye vumbi lilelile, dawa hii ni kazi bure. Na ninyi wawili mtapimwa pia."

Fundi alitazama mikono yake.

Kasuku alilazwa kwa muda mrefu. Kulikuwa na siku ambazo hata madaktari hawakuwa na uhakika kama atapona. Mama Kasuku, akiwa wodini, alituma ujumbe maktaba: "Dada, vumbi la nyumbani linasafishwaje?"

Jibu lilikuja siku hiyohiyo, na lilitaja limetolewa wapi. Msifagie vumbi kavu, litapaa na mtalivuta. Futeni kwa maji na sabuni, na matambara hayo msiyatumie tena kwa kazi nyingine. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Viatu viachwe nje. Kuyeyusha kukome kabisa hapo nyumbani. Udongo msiuchimbe wenyewe, waiteni maofisa wa mazingira, na simu yao ni hii.

Fundi ndiye aliyepiga simu hiyo. Maofisa walikuja, wakapima udongo, wakautoa wa juu na kufunika uwanja kwa udongo safi. Karai aliwakabidhi. Tangu hapo hapasui betri. Anazikusanya nzima na kuzipeleka kwenye kiwanda chenye tanuru lililofungwa, ambako wafanyakazi wana vifaa vya kujikinga. Kipato kilipungua, na sitakudanganya kwamba hakikupungua. Mama Kasuku alihamisha kamba zake, na nguo zote za wateja akazifua upya, huku akiwaeleza kwa nini. Wateja wengine walimkimbia.

Kasuku alirudi nyumbani. Tumbo lilitulia, degedege halikurudi, na miguu ilipata nguvu. Alisema "maji". Alisema "mama". Alisema "baba", na Fundi akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Lakini mtoto yule aliyekuwa akiuliza kila kitu hakuuliza swali hata moja.

Ndipo Fundi akaenda maktaba. Alisimama mbele ya dawati, kofia mkononi.

"Mimi ni baba wa yule mtoto."

"Karibu. Ungependa kujua nini?"

"Maneno ya mtoto yakipotezwa na sumu hii, yanarudi?"

Mkutubi alimpa kiti na kuanza kutafuta. Alifungua, akasoma, akafunga, akafungua tena. Hakuwa na haraka.

"Wapo waliopata nafuu kubwa," alisema mwishowe. "Wapo ambao hawakurudi walivyokuwa. Wanashauri mtoto azungumzishwe kila siku, ale vizuri, na apimwe damu mara kwa mara. Hospitali kuu kuna mtaalamu wa usemi. Nitakuandikia siku zake."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Na sikumwona anayejua. Mtu akikuahidi kwamba atarudi kama zamani, muulize kajuaje."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Afadhali jibu lile kuliko ile sauti ya kwenye simu ya mdogo wake.

"Naomba na zile karatasi za kwanza. Mtaani tupo wengi tunaoyeyusha. Nataka kila fundi apate zake."

Mkutubi alichapa. Fundi alichukua moja, akaanza kuisoma taratibu, maana mara ya kwanza aliisoma kwa hasira. Kidole chake kilishuka, kikasimama. Hapo paliandikwa kwamba risasi huwadhuru pia wajawazito, na inaweza kuharibu mimba.

"Dada," alisema. "Kabla Kasuku hajaanza kuumwa, mke wangu aliharibikiwa mimba. Ilikuwa imekua. Ni moshi wangu?"

Mkutubi alivua miwani.

"Karatasi inasema inaweza kutokea. Haiwezi kusema kama ndivyo ilivyotokea kwenu. Hilo siwezi kukutafutia, kaka yangu. Halipo kwenye kitabu chochote."

Fundi alirudi nyumbani na bunda lake. Mama Kasuku alikuwa anasuuza mashuka.

"Kipande hiki ulikisoma?"

Hakuhitaji kutazama ni kipi.

"Nilikisoma siku ileile, njiani nikirudi."

"Mbona hukuniambia tulipogombana? Ungenishinda."

"Sikuwa natafuta kukushinda. Nilikuwa namtafutia mtoto hospitali."

Fundi alilia waziwazi, uwanjani, mchana, majirani wakiona. Mke wake alikamua shuka, akalianika, kisha akaja kukaa karibu naye. Alikuwa amemlilia yule mtoto ambaye hakuzaliwa peke yake kwa muda mrefu. Sasa walikuwa wawili.

Kesho yake Fundi alipita nyumba kwa nyumba na karatasi zake. Fundi wa kwanza alicheka. Wa pili alisema wivu wa biashara umemwingia. Kwenye uwanja wa tatu mwenye nyumba hakuwepo. Alikuwepo mke wake, na kitoto kimechuchumaa kando ya karai, kinachora vumbini. Fundi alimsomea karatasi yote, bila kuruka kipande kile.

Mwanamke yule alikibeba kitoto chake, akakifuta mikono kwa kanga.

"Naye analalamika tumbo," alisema. "Hiyo maktaba, mtu kama mimi anaingiaje?"

"Twende," Fundi alisema. "Nitakupeleka mpaka mezani."